Shangazi, mbu wangu hawajui Jumapili

Shangazi shikamoo. Mi ni msaidizi wa utafiti kwenye maabara ya mbu huku Morogoro, mkataba wa mradi, mwaka wa pili sasa. Kazi naipenda jamani, ila Jumapili nipo nalisha viluwiluwi, kuna usiku tunakesha kijijini kukamata mbu mpaka alfajiri, halafu asubuhi hiyohiyo sijalala hata kidogo bosi keshatuma kwenye grupu la WhatsApp "data iko wapi". Ukichelewa kujibu unaambiwa sayansi ni wito. Mume wangu kaanza kununa. Niache?
Mlezi wa Mbu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Naanza kwa kumtetea bosi wako kidogo, usininunie na wewe. Anofelesi, yule mbu wa malaria, anauma usiku, huwezi kumwambia aje saa tatu asubuhi baada ya chai, na viluwiluwi ukiviacha na njaa wakubwa wanakula wadogo, Jumatatu unakuta beseni limepungua. Kwahiyo saa za mbu zipo na hazina mjadala. Ila mbona kila Jumapili ni wewe? Hapo sio wito, hapo hakuna zamu.

Ile meseji ya asubuhi sasa, hiyo haijaombwa na mbu yeyote. Chukua daftari, wiki mbili tu, kila saa ya ziada andika pembeni M ya mbu au B ya bosi. Najua B zitakushangaza.

Halafu sheria ya ajira ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, yakizidi ni ovataimu ya mara moja na nusu, tena kwa makubaliano, na ukimaliza kazi unatakiwa upumzike masaa 12 mfululizo kabla ya kurudi. Umekesha mpaka alfajiri? Basi asubuhi hiyo ni yako, lala. Ila kama upo pale kama mwanafunzi wa masters na sio mwajiriwa, hesabu inabadilika, soma mkataba wako vizuri.

Usiende na kilio, nenda na lile daftari na ratiba ya zamu umeshaichora mwenyewe, mabosi wa sayansi wanapenda jedwali kuliko machozi (nimeishi na mmoja miaka 19). Grupu weka mute usiku.

Mume umpeleke siku moja akaone hao mbu wenyewe. Na kuacha, ngoja kwanza zamu ya mwezi ujao ipangwe, ukikuta bado Jumapili zote nne ni zako niandikie tena.