Jozi mbili za faiba, lakini nakala haivuki gigabiti 1

Swali: Swichi zangu mbili ziko kwenye majengo tofauti. Zimeunganishwa kwa jozi mbili za faiba ya zamani ya modi nyingi (mwanga hupita humo kwa njia nyingi), kiini cha maikroni 62.5, urefu mita 210. Kila jozi ni gigabiti 1, na nimeziunga kwa LACP (itifaki inayofanya viungo kadhaa vitumike kama kimoja). Seva ya nakala rudufu ina poti ya gigabiti 10. Kunakili faili kubwa hakuvuki gigabiti 1, na simu za mtandao zinakatikakatika ingawa grafu inaonyesha matumizi ya asilimia 30 tu. Niwashe udhibiti wa mtiririko, au niweke moduli za gigabiti 10?

Jibu: Usifanye lolote kati ya hayo mawili kwa sasa. Anza kwa kusoma vihesabu vya poti zinazoelekea kwenye faiba. Kama pakiti zinazotupwa wakati wa kutoka zinaongezeka, huku makosa ya CRC (ukaguzi unaogundua data iliyoharibika njiani) upande unaopokea yakibaki sifuri, faiba ni nzima. Swichi ndiyo imeishiwa na nafasi ya foleni. CRC zikipanda, safisha konekta kwanza kisha pima nguvu ya mwanga.

Naamini utakuta hali ya kwanza. Kwenye viungo vya LACP, swichi huchagua njia kwa kukokotoa anwani za mtumaji na mpokeaji, kisha mazungumzo yote kati ya wawili hao hupita kwenye jozi ileile ya faiba ili pakiti zisipishane. Nakala moja, kwa hiyo, itaishia gigabiti 1 hata ukiunga jozi nane. Kuongeza namba za poti za TCP kwenye ukokotoaji kunasaidia pale tu programu inapofungua miunganisho mingi.

Sasa tazama bafa, yaani kumbukumbu ya swichi inayoshika pakiti zinazosubiri kutoka. Seva inamwaga kwa gigabiti 10, poti inatoa kwa gigabiti 1, kwa hiyo gigabiti 9 kwa sekunde zinarundikana. Bafa ya megabaiti 1 inajaa kwa takriban milisekunde 0.9, na kinachofuata kinatupwa, zikiwemo pakiti za simu zilizo kwenye foleni hiyohiyo. Grafu ya wastani wa dakika 5 haiwezi kuonyesha tukio fupi namna hiyo.

Udhibiti wa mtiririko (kiwango cha 802.3x) ungezuia baadhi ya upotevu, lakini fremu yake ya kusitisha husimamisha kila kitu kwenye poti, bila kubagua simu na nakala. Kwenye gigabiti 1, fremu moja inaweza kuamuru kimya cha hadi milisekunde 33. Uache ukiwa umezimwa kati ya swichi. Badala yake, peleka simu (pakiti zenye alama ya kipaumbele DSCP 46) kwenye foleni ya kipaumbele, na kwenye programu ya nakala weka kikomo cha megabiti 700 hivi kwa sekunde. Hatua hizo mbili zitatuliza simu, ila nakala haitakwenda kasi zaidi.

Kuhusu gigabiti 10, kizuizi ni glasi yenyewe. Faiba yako inabeba 1000BASE-SX (kiwango cha gigabiti 1) hadi mita 220 au 275 kulingana na daraja lake, lakini 10GBASE-SR (gigabiti 10 ya masafa mafupi) ina kikomo cha takriban mita 26 au 33 tu humo, kwa sababu mapigo ya mwanga hutanuka na kuingiliana. Kuongeza nguvu ya mwanga hakutibu hilo. 10GBASE-LRM, aina nyingine ya gigabiti 10 kwa faiba ya modi nyingi, hufika mita 220 ikiwa na waya mfupi wa kurekebisha modi kila upande, lakini si kila poti ya SFP+ (tundu la moduli za gigabiti 10) inaikubali, na mita 10 zilizobaki ni chache mno kuzitegemea.

Ukitaka nakala iende kasi zaidi, laza faiba ya modi moja na utumie 10GBASE-LR (gigabiti 10 ya masafa marefu). Bajeti yake ya mwanga, yaani upotevu inaoweza kuvumilia njiani, ni desibeli 6.2; kwa mita 210 na konekta nne zenye upotevu wa hadi desibeli 0.75 kila moja, utatumia takriban desibeli 3.1. Usishawishike kununua moduli ya ER ya kilomita 40 ukidhani ni imara zaidi: inaweza kutoa hadi +4 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), ilhali kipokezi chake hakitakiwi kupata zaidi ya −1 dBm, na kwa umbali huu mfupi ingekulazimu kuweka kipunguza mwanga.