Kabla ya Kukarabati Tramu Kuukuu, Ng'oa Sakafu Kwanza

Mtu akikwambia tramu, yaani gari la abiria la umeme linalopita kwenye reli za mjini, ina miaka 35 kwa hiyo imekwisha, muulize kilichokwisha ni nini. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye karakana za tramu Prague, mji mkuu wa Ucheki, hasa na Tatra T3, tramu iliyoundwa huko Chekoslovakia, na kwa niliyoyaona, kinachoamua ni kutu. Mota husukwa upya. Bogi, yaani fremu ya magurudumu chini ya gari, hufunguliwa, ikapimwa nyufa, ikarudi barabarani. Lakini bodi, lile gamba la chuma la gari, iliyooza huwezi kuidanganya kwa rangi.

T3 zilitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1989, karibu 14,000 kwa jumla, na nyingi zilikwenda Umoja wa Kisovyeti. Chini ya bodi hiyo nzuri, iliyobuniwa na František Kardaus, kuna ufundi wa PCC, aina ya tramu za Marekani za miaka ya 1930. Ni chuma kigumu kweli kweli, ndiyo maana hadi leo nyingine zinabeba watu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usisaini mkataba wa ukarabati kabla hujang'oa sakafu ya magari machache na kuyatazama kwa macho yako. Angalia chini ya milango, ambako abiria huingia na theluji yenye chumvi, kisha pembeni mwa masanduku ya mchanga unaomwagwa relini magurudumu yasiteleze, kwa sababu mchanga hushika unyevu. Pale ukichokoa kwa bisibisi na ikazama, hesabu yako ya fedha imebadilika. Prague yenyewe, ilipoleta T3R.PLF, yaani T3 zilizofanywa upya, kuanzia 2006, ilizipa bodi mpya zenye sakafu ya chini katikati. Hilo la sakafu mimi nalipigania kwa moyo wote: mama mwenye kigari cha mtoto na mzee mwenye mkongojo wasiachwe kituoni eti kwa sababu tumeokoa fedha.

Baada ya bodi, umeme. Mfumo wa zamani hupunguza mkondo kwa kuupitisha kwenye rezista, kifaa kinachozuia mkondo, nguvu nyingi inapotea kama joto. Mfumo wa transista, swichi za kielektroniki, huondoa hasara hiyo, na wakati wa kufunga breki hurudisha umeme kwenye waya wa juu. Hapo wauzaji husifia sana, ila umeme huo unafaa tu kama kuna tramu nyingine karibu ya kuutumia, au kituo cha umeme kinachoweza kuupokea. Kama hakuna, utachomwa kwenye rezista kama zamani. Njia yenye tramu chache itakurudishia kidogo, nawe ujue hivyo mapema.

Na nyaya zote zibadilishwe. Nimeona kampuni moja ikifunga vifaa vipya juu ya nyaya kuukuu zenye ganda lililokauka na kupasuka, kisha hitilafu zikawa hazishikiki, leo mlango, kesho breki.

Jambo ambalo ningependa kila meneja alisikie ni hili: kadi za kielektroniki, zile bao za saketi zinazoendesha mifumo mipya, huzeeka haraka kuliko chuma. Relei, swichi ya umeme ya kizamani, ya 1970 fundi yeyote mzuri anaifungua na kuisafisha. Kadi ikiacha kutengenezwa, gari zima linalala. Dai michoro yote, dai haki ya kuitumia, nunua vipuri vya akiba siku ileile ya mkataba, na mafundi wako wawepo karakanani gari la kwanza linapofungwa vifaa. Mtengenezaji akikataa kutoa michoro, tafuta mwingine.