Kelele za mdaiwa, nani anaambiwa?

Mkuu, umeuliza kwa nini viongozi hubwata kwenye kamera kwamba "hatulipi deni", halafu wanasaini kimya kimya. Mimi si mchumi. Nauza mahindi hapa Busia, upande wa Uganda, ila nimedai na kudaiwa vya kutosha.

Mwaka 2021 mteja wa ng'ambo ya mpaka alinikalia na pesa ya magunia 80. Nilipomfuata stoo akanifokea mbele ya makuli wake: nenda popote, kashtaki! Nikanyamaza. Haikupita robo saa akanivuta nyuma ya mizani, sauti imeshuka: "Ndugu yangu, nipe miezi mitatu." Zile kelele hazikuwa zangu. Zilikuwa za makuli, na zaidi za wadai wengine wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisikiliza. Angenilipa mimi upesi, nao wangesimama.

Zambia ilikwama kwenye benchi hilo hilo. Iliacha kulipa Novemba 2020. Juni 2023 ikaelewana na serikali zinazoidai, China na Ufaransa zikiongoza kamati. Ikaelewana pia na wenye hatifungani, yaani wawekezaji walioikopesha kwa kununua hati zake za deni, lakini Novemba 2023 kamati ile ya serikali ikagoma: hawa wa hatifungani hawajasamehe kiasi kinacholingana na chetu! Makubaliano ya hatifungani yakapatikana upya Machi 2024. Kwa hiyo mikwara si ya mdaiwa peke yake. Wadai nao hutunishiana misuli.

Ugiriki nayo ilipiga mkwara mfuko ukiwa mtupu. Tarehe 5 Julai 2015 asilimia 61 ya wapiga kura walikataa masharti ya wadai, huku benki zimefungwa na mtu anatoa euro 60 tu kwa siku. Tarehe 13 serikali ikakubali masharti makali. Mdai akishajua huwezi kumaliza wiki bila yeye, piga kelele upendavyo.

Hapa kwetu, Benki ya Dunia ilipositisha mikopo mipya Agosti 2023, Museveni alisema tutaendelea hata bila mikopo. (Najua, hilo halikuwa deni hasa.) Mazungumzo yaliendelea chini kwa chini, na 2025 mikopo ikarudi.

Na mimi nilimpiga mteja wangu mkwara: sikuuzii tena hata debe! Wote wawili tulijua mavuno yanakuja na lori ni lake. Alimaliza kulipa mwezi wa tano. Makuli wake mpaka leo wanaamini sikumweza.