Kitabu na filamu yake: ulizeni kazi ilienda wapi

Mwalimu, salamu. Umesema kilabu yako ya vijana wa Kidato cha Tatu, inayokutana Jumamosi pale maktaba ya Kaloleni, ilisoma The Fault in Our Stars, riwaya ya mapenzi ya Hazel na Augustus, vijana wawili wenye saratani, ikatazama filamu yake, kisha mjadala ukakauka baada ya dakika 20. Wote walikubaliana kwamba kitabu ni bora, wakarudi kwenye simu zao. Unauliza mlikosea wapi.

Mlikosea kwenye swali. "Kipi bora?" hujibiwa kwa neno moja. "Nini kimeachwa?" huzaa orodha, na orodha haina ubishi. Waulize hivi: kitu hiki kilikuwa na kazi gani kitabuni, na kule kwenye filamu kazi hiyo kapewa nani? Hapo hata yule anayekaa nyuma kimya atakuwa na la kusema, maana jibu halijaandikwa popote, lazima alitafute.

Anzeni na hesabu, ili waache kumlaumu mwongozaji bure. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Filamu hii ya Josh Boone, iliyotoka 2014, ina dakika 126. Sasa chukua riwaya ya maneno 65,000, saizi ya kawaida kwa riwaya za vijana, uisome kwa sauti kwa kasi ya maneno 150 kwa dakika: ni zaidi ya saa 7. Mpe kijana mmoja aipige hesabu hiyo mbele ya wenzake. Mwenye kuandika skripti ana chini ya theluthi ya muda huo. Mandhari hayampi shida, kwa kuwa chumba kilichoelezwa kwa nusu ukurasa kamera hukimaliza kwa sekunde mbili. Kinachobanwa ni mawazo ya mhusika, watu wa pembeni, na kusubiri. Na mapenzi ya riwayani huishi kwa kusubiri, ndiyo maana wasomaji wa aina hii ya vitabu huumia kuliko wasomaji wa vitabu vya upelelezi.

Kisha chukueni tukio moja mkae nalo hata nusu saa. Linalofaa kuliko yote ni barua baada ya kifo cha Augustus (asiyemaliza kitabu aruke aya hii na inayofuata). Riwaya ya John Green, ya mwaka 2012, ina sura 25, na katika sura za mwisho Hazel anatafuta kurasa ambazo huenda Augustus alimwandikia. Anauliza huku, anapekua kule, anakosa. Mwishowe anang'amua kwamba zilitumwa kwa Van Houten, mwandishi anayempenda sana, ambaye awali walisafiri hadi Amsterdam kumwona, naye Lidewij, aliyekuwa msaidizi wa mwandishi huyo, anazipata na kumtumia kwa barua pepe. Kwenye filamu, Van Houten anakuja mazishini na kumpa Hazel karatasi mkononi, ndani ya gari. Hazel kwa hasira anaifinyanga na kuitupa. Ni Isaac, rafiki yao, anayemfumbua macho baadaye kwamba maneno yale ni ya Augustus.

Vijana watasema "wameharakisha". Usiwaachie hapo. Ule utafutaji ulikuwa na kazi gani? Uliipa huzuni ya Hazel miguu. Badala ya kulala akilia kwa kurasa 30, ana jambo la kufanya, na msomaji anatafuta pamoja naye. Kwenye filamu kazi hiyo imebebwa na karatasi iliyofinyangwa. Msomaji anateseka kwa sababu barua haipo, mtazamaji anateseka kwa sababu ipo na Hazel ameitupa. Taharuki imegeuzwa upande tu. Kwa maoni yangu, filamu imetatua tatizo la muda vizuri sana hapa, lakini bei yake ni kubwa: Hazel wa kitabuni alihangaika hadi akaipata barua, wa filamuni ameletewa. Hilo ndilo la kubishania, na kila upande utakuwa na ushahidi.

Jambo la pili msilopaswa kuliacha ni mrija wa oksijeni. Kitabuni Hazel ana saratani ya tezi iliyosambaa hadi mapafuni, na mrija ule wa puani hutajwa pale tu unapohitajika. Anapoongea kwa kurasa tano kuhusu vitabu, unausahau kabisa. Unamsikia msichana mcheshi wa miaka 16. Kamera haiwezi kusahau. Kila uso wa Shailene Woodley, anayemwigiza Hazel, unapokaribia, mrija uko pale, unapita mashavuni hadi nyuma ya masikio, hata kwenye chakula cha jioni Amsterdam akiwa amevaa vizuri. Matokeo yake, kitabu kinakuambia "huyu ni msichana, tena mgonjwa", na filamu inakuambia "huyu ni mgonjwa, tena msichana". Hakuna mstari wa skripti uliobadilisha hilo. Limebadilishwa na chombo chenyewe. Waombe vijana wahesabu ni mara ngapi mrija unatajwa katika sura moja, halafu waseme ni dakika ngapi za filamu unakosa kuonekana. Kwenye nyumba ya Anne Frank, makumbusho wanayotembelea Amsterdam, mambo hugeuka: zile ngazi zilizosimama wima, ambazo kitabu lazima kizieleze hatua kwa hatua, kwenye filamu zinasikika kwa pumzi yake, nawe unajikuta umebana yako.

Watu wawili wametolewa kabisa, na vijana wengi hawagundui. Mmoja ni Kaitlyn, rafiki wa shuleni, aliyetuonyesha maisha ambayo Hazel ameyaacha. Wa pili ni Caroline Mathers, msichana aliyekuwa na Augustus kabla ya Hazel, akafa kwa uvimbe wa ubongo. Kumtoa Caroline kuna uzito zaidi. Hofu ya Hazel ya kumuumiza atakayempenda ilikuwa na ushahidi: tayari kuna mmoja aliyekufa akamwacha kijana huyu na majeraha. Ukimwondoa, hofu inabaki ikisimama juu ya maneno ya Hazel peke yake, na Augustus anakuwa msafi mno, kama kijana aliyeshuka kutoka mawinguni bila jana. Ukiona mhusika wa kiume kwenye filamu ya mapenzi anang'aa kupita kiasi, rudi kitabuni utafute ni nani aliyefutwa.

Sasa sauti. Karibu riwaya zote hizi husimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na vijana wako wameshafundishwa uzungumzi nafsia darasani, yaani mhusika kuongea na nafsi yake, kwa hiyo tumia neno hilohilo. Filamu ina njia chache za kuubeba: sauti ya msimulizi juu ya picha, rafiki wa kuongea naye, muziki, au uso wa mwigizaji bila neno. Watoto wa Nairobi wamekua wakisikia DJ Afro akisimulia muvi juu ya sauti za wahusika, hivyo wanaelewa haraka kuliko wengi kwamba sauti ya juu inaweza kubadilisha maana ya picha ileile. Utumie ujuzi huo. Everything, Everything, riwaya ya Nicola Yoon ya 2015 iliyofanywa filamu 2017, ilikuwa na shida ngumu zaidi: wapenzi wanaandikiana kwenye simu, mmoja wao, Maddy, hawezi kutoka nyumbani. Kuonyesha skrini ya simu kwa dakika kumi kungeua filamu. Mwongozaji Stella Meghie akawaweka wote wawili ndani ya mgahawa wa kufikirika, mfano wa jengo ambao Maddy mwenyewe aliujenga, wakaongea uso kwa uso. Kazi ya maandishi ya simu imepewa chumba. Ni suluhisho bora kuliko yote niliyoyaona kwenye filamu za aina hii.

Kosa linalovuruga vilabu vingi ni kulinganisha filamu na kitabu kisichokuwa chake. To All the Boys I've Loved Before, ya Jenny Han, ilitoka 2014, filamu ikaja Netflix Agosti 2018. Video ya Lara Jean, msimulizi, na mpenzi wake Peter kwenye bwawa la maji moto inayosambaa shuleni, kitabuni ni ya juzuu la pili, la 2015. Filamu imeivuta mbele. Mwisho nao umebadilika: kitabu cha kwanza kinatuacha Lara Jean akiwa na kalamu, anaanza kumwandikia Peter barua, na filamu inamtoa hadi uwanjani wakapatana. Aliyesoma juzuu la kwanza pekee ataapa kwamba video imebuniwa, na aliyesoma yote mawili atamwona mjinga. Sababu ya mabadiliko ni ya kibiashara na ya kisanaa pamoja. Riwaya yenye mwendelezo inaweza kukuacha hewani, lakini filamu ya kwanza haina uhakika wa kupata ya pili, hivyo hufunga mlango.

Five Feet Apart ni mtego mwingine. Hapo skripti ilitangulia. Riwaya, iliyotoka Novemba 2018, ilitokana na skripti hiyo, na filamu ikaonyeshwa Machi 2019. Ukisema "filamu imefuata kitabu vizuri ajabu" umejikwaa. Angalieni jalada na ukurasa wa ndani kabla ya kuchagua, maana maneno kwamba kitabu kimetokana na skripti huwa yamechapwa pale. Lakini jalada lenye sura za waigizaji pekee halimaanishi hivyo: mara nyingi ni riwaya ileile ya zamani iliyovishwa nguo mpya, na kwenye vitabu vya mitumba vya mjini utakuta matoleo yote mawili kwenye rundo moja.

Hilo linanileta kwenye utaratibu wenyewe. Msitaje kurasa, tajeni sura. Mmoja ana toleo la Uingereza, mwingine la Marekani, wa tatu anasoma kwenye simu, na mkisema "ukurasa wa 112" mtapoteza dakika kumi mkitafutana. Sura 25 zigawe kwa wiki tatu, nane, nane, kisha tisa. Filamu msiitazame siku hiyohiyo mnayojadili. Dakika 126 hazitoshi kwenye kikao cha saa mbili, na mtabaki na watu waliochoka, macho mekundu. Ikate mara mbili, mpasuo uwe kabla ya safari ya Amsterdam. Washeni manukuu, kwa sababu mazungumzo haya ni ya haraka na nusu ya ucheshi hupotea. Spika ya laptopu haifikii watu 20, azimeni spika ya nje, maana kwenye filamu ya mapenzi muziki ndio msimulizi wa pili.

Kila mmoja achore safu tatu daftarini: kitabuni, filamuni, kazi. Matukio sita yanatosha, si zaidi. Safu ya tatu ndiyo itakayowatesa. Wataandika "kuonyesha mapenzi" kila mahali. Ikatae. Mapenzi ya nani, yamefikia wapi, na tumejuaje? Akiandika "kumfanya Hazel akubali kwamba Augustus naye ataumia", hapo amefika.

Mwezi ujao, kama mnataka jozi tofauti, jaribuni A Walk to Remember. Riwaya ya Nicholas Sparks, ya 1999, inasimuliwa na Landon, mzee wa miaka 57, akikumbuka mwaka 1958 alipompenda binti wa mchungaji. Filamu ya 2002 imeihamishia kwa vijana wa wakati wake, na baba wa Landon ameacha kuwa mbunge wa Marekani akawa daktari. Kipindi kikihama, aibu nayo inahama: mambo yaliyokuwa hatari kwa binti huyo mwaka 1958 hayana uzito uleule baadaye, hivyo filamu hulazimika kutafuta kizuizi kingine. Waulize wakitafute.

Na zoezi moja la kuchangamsha kikao, kabla hamjafungua madaftari: chezeni dakika tatu za tukio mlilochagua bila sauti. Kila mtu aandike anachodhani mhusika anawaza, kwa nafsi ya kwanza, sentensi nne. Someni mbili au tatu kwa sauti, kisha fungueni sura husika mwone mwandishi alimpa mawazo gani. Rudieni dakika zilezile, safari hii na sauti, na mtu mmoja ainue mkono pale muziki unapoanza, ili mjue ulianza kabla ya neno gani.