Jibu: Kwa nini wanakijiji waliitikia "ndiyo", kisha hawakujiandikisha

Ndugu, umeuliza kwa nini wakulima wa Newala, mkoani Mtwara, waliwaitikia wageni wenu kutoka Ujerumani vizuri mkutanoni, kisha hakuna aliyekuja kujiandikisha katika mradi wa korosho.

Kwa maoni yangu, ile "ndiyo" ilikuwa ya heshima: mgeni amesikilizwa, lakini jambo bado halijaamuliwa. Kumkatalia mgeni hadharani ni kumvunjia heshima, na zaidi ya hapo, kwa Wamakonde, wenyeji wa huko, ambao kwa asili hufuata ukoo wa upande wa mama, suala la shamba la familia mara nyingi halimalizwi bila mjomba kushauriwa. Waelezeni wageni kwamba ukimya wa siku kadhaa si hila, kisha itisheni mkutano wa pili baada ya watu kujadiliana majumbani.

Linalonigusa zaidi ni ridhaa. Saini chini ya fomu ya Kiingereza, au picha ya bibi akibangua korosho, iliyopigwa bila yeye kuelezwa itapelekwa wapi, haiwezi kuitwa makubaliano. Fomu iwe ya Kiswahili na isomwe kwa sauti. Kwa wazee waliozoea zaidi Kimakonde, atafutwe mkalimani asiye na maslahi katika mradi. Mwenyekiti wa kijiji asipewe kazi hiyo, hata akijitolea kwa nia njema, kwa kuwa mbele yake ni wachache watakaothubutu kukataa. Kina mama nao waulizwe wakiwa peke yao.

Msimu wa mavuno ukishaanza watu hushinda mashambani, kwa hiyo mkutano huo wa pili upangeni jioni.