Je, kuomba huku nafanya kazi ni uvivu wa kiroho?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Kabla sijajaliwa watoto nilikuwa naamka usiku na kuomba saa nzima. Sasa nina mapacha wachanga, na mama mkwe ni mgonjwa, namwuguza mimi. Naomba nikifua, nikiwa njiani. Maneno mawili matatu, basi. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi ameniambia huo ni uvivu wa kiroho, na kwamba Mungu hapokei mabaki. Tangu siku hiyo hata hayo maneno mawili yananishinda. Je, amesema kweli?

JIBU: Amina, mama. Pole kwa majukumu, na pole zaidi kwa neno hilo.

Fungua Nehemia sura ya 2. Nehemia ni mnyweshaji wa mfalme Artashasta, yuko zamuni, divai imeshaandaliwa. Mfalme anamwuliza ana haja gani. Hapo, kabla hajafungua kinywa kumjibu, anasema: "Nikamwomba Mungu wa mbinguni." Ndipo akamjibu mfalme. Hakupiga magoti wala hakuomba ruhusa atoke nje kidogo. Alichokisema moyoni hakikuandikwa hata neno moja, lakini akapewa ruhusa ya kwenda kuujenga upya mji wa Yerusalemu, akapewa na barua za kupita, na miti ya kujengea. Petro naye alipoanza kuzama alilia, "Bwana, niokoe." Angeanza na utangulizi wa maombi tuliouzoea sisi, angemalizia chini ya maji.

Kuhusu mabaki: mabaki ni ya mtu aliyekula akashiba. Wewe hujashiba, mama. Unachotoa kinafanana zaidi na zile senti mbili za yule mjane maskini aliyetoa vyote alivyokuwa navyo, na Yesu aliziona.

Ila sitakudanganya. Rudi nyuma kwenye sura ya 1, utaona kwamba Nehemia alianza kufunga na kulia mbele za Mungu mwezi wa Kisleu katika kalenda ya Kiyahudi, na siku ile ya divai ilikuwa mwezi wa Nisani. Ni kama miezi minne. Lile ombi la kufumba na kufumbua lilikuwa na mizizi. Kwa hiyo usiuache kabisa utulivu. Sisemi saa nzima. Hiyo itarudi watoto wakikua. Tafuta dakika tano wakiwa wamelala, Zaburi moja, mlango umefungwa. Ukisinzia katikati ya Zaburi usijilaani. Mimi mwenyewe nimesinzia magotini mara nyingi kuliko ninavyopenda washirika wangu wajue. Na ukifua, taja jina la mwenye nguo: huyu mtoto, huyu mgonjwa, huyu mume. Tayari umeombea nyumba nzima.

Huyo dada usimkasirikie. Akikuuliza tena habari za maombi yako, mwambie aje akushikie mapacha nusu saa.