Muulize kwanza kuhusu kilima, picha baadaye

Kwa mnaoanza kazi kwenye vitengo vya mifupa na fiziotherapia hapa Mwanza: ufinyu wa uti wa mgongo sehemu ya kiuno (njia ya mishipa ya fahamu mgongoni kuwa nyembamba) huanza kujulikana kwa maelezo ya mgonjwa. Mara nyingi ni mtu aliyevuka miaka 50. "Daktari, nikitembea kidogo miguu inakufa ganzi, nikikaa napata nafuu." Usikimbilie kuandika MRI, yaani picha ya ndani ya mgongo. Mji wetu ni wa milima, basi uliza: kupanda kilima cha Bugando na kushuka, wapi panamtesa zaidi? Wengi watasema kushuka. Anaposhuka, mgongo hunyooka kwenda nyuma na mishipa ya fahamu huzidi kubanwa. Anapopanda huinama, nafasi ikaongezeka. Ndiyo maana mzee anayeshindwa kutembea hadi sokoni anaweza kuendesha baiskeli bila taabu.

Kisha pima mapigo ya damu upande wa juu wa nyayo. Mwenye mishipa ya damu ya miguu iliyoziba naye huumwa akitembea, ila akisimama tu maumivu huisha. Huyu wetu wa ufinyu lazima akae au ainame.

MRI ni nzuri, lakini wazee wengi wana ufinyu kwenye picha na hawaumwi chochote. Picha isiyolingana na maelezo isimpeleke mtu kwenye kisu.

Huku Kanda ya Ziwa kuna mawili msiyasahau. Homa, jasho la usiku na kukonda: fikiria TB ya mgongo. Na kijana mvuvi ambaye miguu imelegea ndani ya siku au wiki chache, mkojo nao umegoma, huyo hana ufinyu wa uzee. Mayai ya kichocho hufika hadi kwenye uti wa mgongo, na akicheleweshwa anaweza kupooza.

Ganzi ya makalio na sehemu za siri, au kushindwa kukojoa, ni rufaa siku hiyohiyo. Wazee huona haya kulitaja hili. Toa shikamoo, funga pazia, watoe nje wanawe, ndipo uulize kwa sauti ya chini.

Wengine wengi huanza na mazoezi: kuvuta magoti kifuani, kuimarisha misuli ya tumbo, baiskeli. Diclofenac, dawa ya maumivu, mpeni kwa tahadhari mwenye presha, figo au vidonda vya tumbo. Mazoezi yakishindwa, upasuaji wa kupanua njia ya mishipa ya fahamu husaidia, ila mwambieni mapema kwamba hupunguza zaidi maumivu ya miguu kuliko ya kiuno.